Kijiwe Kingine: Namna ya Kutafuta Kikundi cha Watu Wanaoacha Pombe

Kila mnywaji ana ratiba, hata kama hajawahi kuiandika popote. Ina saa yake, mahali pake na watu wake. Saa kumi na moja jioni, kazi imekwisha. Ni meza ileile ya pembeni, au uani kwa mama anayepika mbege, au mangweni chini ya mnazi, pamoja na wale watatu wanne ambao usipotokea wataulizana, "Leo kapatwa na nini?"

Siku mtu anapoapa kuacha, huwa anaikana chupa peke yake. Saa inabaki palepale, meza inabaki palepale, marafiki nao hawajahama. Jioni ikiingia, miguu inakwenda yenyewe. Ndiyo maana viapo vingi vya Jumatatu haviioni Ijumaa.

Kikundi cha watu wanaoacha pombe ni kijiwe kingine. Nacho kina saa yake, kina viti vyake, na kina watu watakaouliza usipoonekana. Shida ni kwamba hakitangazwi kwa bango barabarani, kwa kuwa wanaokwenda humo wamekubaliana kutunziana siri. Inabidi ukitafute. Mwongozo huu unaonyesha njia ya kukitafuta, na nini cha kutarajia ukishakipata.

Kabla ya kikundi, hospitali

Kama unakunywa kila siku, na hasa kama asubuhi mikono hutetemeka mpaka uzimue kwa glasi moja, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukinyimwa kwa mara moja hutaharuki: jasho jingi, kutapika, moyo kwenda mbio, usingizi kukimbia. Baadhi ya watu hupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, wakaona na kusikia vitu visivyopo. Hali hiyo inaweza kuua. Watu wa nyumbani hudhani ni mashetani, wakampeleka kwa mganga mgonjwa ambaye alipaswa kuwa wodini.

Hospitali ina dawa za kumvusha mtu siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo. Mwambie daktari ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Ukipunguza hesabu kwa aibu, naye atapunguza tahadhari kwa kukuamini. Kikundi hakikimbii. Kitakuwa palepale ukitoka.

Unatafuta kitu gani hasa

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambacho watu hukiita AA tu. Kilizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na leo kina mikutano katika nchi zipatazo 180, Kenya ikiwemo. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna fomu, hakuna kadi. Mwishoni mwa mkutano hupitishwa kikapu au kofia ili kulipia chumba na chai, na mgeni halazimiki kutoa chochote. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza, na hakuna anayeuliza unafanya kazi wapi.

Moyo wa AA ni Hatua Kumi na Mbili: safari inayoanza kwa kukiri kwamba pombe imekushinda, ikapitia kujichunguza na kuwaomba radhi uliowakosea, na kufikia kumsaidia mlevi mwingine. Mungu anatajwa, lakini kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake. AA si kanisa, ingawa mikutano mingi hufanyika katika vyumba vya makanisa kwa sababu huko ndiko kunakopatikana vyumba vya bei nafuu.

Je, kinasaidia? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Kati ya waliopewa tiba iliyowaelekeza AA, wapatao 42 katika kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Waliopata tiba nyingine, kama vile ushauri nasaha wa kitaalamu, walikuwa 35. Hesabu hiyo haizungumzii muujiza. Wengi bado walirudi kwenye chupa. Lakini kwa kitu kisicho na ada, chenye kiti, chai na watu, ni matokeo ya kuheshimiwa.

Kama AA haipo karibu nawe, usikate tamaa haraka. Narcotics Anonymous, yaani NA, wengi hudhani ni ya watu wa heroini peke yao; kumbe kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya kama nyingine, na mlevi hupokewa. Hili ni la kuzingatia hasa Zanzibar, ambako soba, zile nyumba za upataji nafuu, zimejengwa juu ya hatua hizohizo kumi na mbili. Kwa Wakatoliki kuna chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padri Mjesuiti James Cullen, na ambacho kina wanachama Kenya. Chenyewe ni cha kuweka nadhiri na kusali zaidi kuliko kusimuliana, kwa hiyo kinafaa kuwa nyongeza ya kikundi kuliko kuchukua nafasi yake. Mwislamu anayeona uzito kusimulia ulevi wake mbele ya mchanganyiko wa watu anaweza kuulizia Millati Islami, ushirika ulioanzia Baltimore mwaka 1989 ambao umezipitisha Hatua Kumi na Mbili katika mafundisho ya Kiislamu.

Andika ratiba yako ya ulevi

Kabla hujauliza vikundi viko wapi, chukua karatasi uandike mistari mitatu.

Wa kwanza: *saa*. Kiu yako hubisha hodi lini? Mnywaji wa jioni akichagua mkutano wa Jumapili asubuhi kwa sababu siku hiyo ana nafasi, atakuwa amefanya jambo jema, lakini Ijumaa jioni itamkuta na mikono mitupu. Tafuta kwanza mkutano ulio kwenye saa yako ya hatari, au saa moja kabla yake.

Wa pili: *njia*. Nauli ni kiasi gani kwenda na kurudi, na je, daladala au matatu hilo linapita mbele ya baa yako? Kituo cha kushukia ni jambo la maana. Heri ushuke kituo cha mbele utembee dakika kumi.

Wa tatu: *watu*. Unamwogopa nani asikuone? Andika jina lake. Mara nyingi ukiliona kwenye karatasi utagundua kwamba mtu huyo alishakuona umelala mtaroni, na hakuna siri iliyobaki ya kumficha. Kama hofu bado ni kubwa, anzia kikundi cha mtaa mwingine ambako hujulikani. Baadaye, ukishazoea, rudi kwenye cha karibu, kwa sababu kikundi cha mbali huwa kinashindwa na mvua ya kwanza.

Mahali pa kuuliza

*Tovuti ya aa.org.* Ni ya ofisi kuu ya AA iliyoko New York. Ina sehemu ya kutafuta AA kwa nchi, na humo hupatikana mawasiliano ya ofisi au watu wa kujitolea. Saa za mikutano hubadilika, kwa hiyo chukua namba upige. Usiende kwa kuamini ratiba ya zamani.

*Simu 1192, Kenya.* Ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Eleza unatoka kaunti gani na kwamba unatafuta kikundi cha kusaidiana, maana usiposema hivyo wanaweza kukuelekeza moja kwa moja kwenye kituo cha kulazwa.

*Simu 119, Tanzania.* Ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nayo ni ya bure. Kazi yao kubwa ni dawa za kulevya, lakini ndio wanaozijua nyumba za upataji nafuu, na nyumba hizo huwajua watu wanaokutana nje.

*Kliniki ya afya ya akili.* Mathari iliyoko Nairobi, Muhimbili ya Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma ndizo zinazotajwa sana, lakini hospitali ya kaunti au ya mkoa nayo inatosha kuanzia. Ukifika, muulize muuguzi wa kliniki au afisa ustawi wa jamii. Daktari hubadilishwa kituo kila mara. Muuguzi aliyekaa miaka kumi ndiye anayejua nani alipona na anakutana na wenzake wapi.

*Mwenye funguo za ukumbi.* Hii ni njia ambayo wengi hawaifikirii. Nenda kanisa lenye vyumba vya mikutano, umuulize mhudumu au mlinzi: "Kuna kikundi cha watu wa AA wanaotumia chumba hapa jioni?" Huna haja ya kusema unauliza kwa niaba ya nani.

*Mtu aliyeacha.* Karibu kila mtaa una mmoja, yule ambaye siku hizi kwenye harusi anashika soda. Mfuate kando. Ukimuuliza alifanyaje, hatakucheka.

Simu ya kwanza

Hapa ndipo watu hukwama. Namba imepatikana, imehifadhiwa, na inakaa kwenye simu wiki tatu. Kinachoizuia ni mawazo kwamba unakwenda kumsumbua mtu.

Basi sikiliza AA yenyewe ilivyoanza. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha kunywa kwa miezi michache tu, alikuwa Akron kwa shughuli iliyoharibika. Akawa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mfukoni mna fedha kidogo, na upande mmoja baa inachangamka. Akahisi anazama. Alichofanya ni kwenda kwenye simu iliyokuwa ukumbini, akasoma orodha ya makanisa ya mji ule, akaanza kuwapigia watu asiowajua akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Simu moja ikazaa nyingine, mpaka akakutanishwa na daktari wa upasuaji aliyekuwa mlevi, Robert Smith. Daktari alikubali kukaa naye robo saa tu. Wakakaa masaa. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo AA huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake, Smith alikunywa glasi yake ya mwisho.

Angalia nani alikuwa anamsaidia nani. Aliyepiga simu ndiye aliyekuwa hajanywa, na alipiga ili asinywe. Mpaka leo kikundi huishi kwa utaratibu huo. Mkongwe wa miaka ishirini hukaa imara kwa kumsikiliza aliyekuja jana. Kwa hiyo atakayepokea simu yako anakuhitaji kama unavyomhitaji.

Maneno ya kusema yasikuumize kichwa. Haya yanatosha:

"Habari za saa hizi. Nimepewa namba hii. Nataka kuacha pombe na natafuta mkutano ulio karibu na Buruburu."

Kisha uliza mambo matano, ukiwa na kalamu mkononi:

1. Mkutano ni siku gani, saa ngapi, na chumba kipi hasa? Omba utajiwe lango, jengo na ghorofa.
2. Ni wa wazi au wa ndani? Wa wazi mtu yeyote anaweza kuingia, hata ndugu yako wa kukusindikiza. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.
3. Huzungumzwa lugha gani? Mijini baadhi ya mikutano ni ya Kiingereza, na mtu hawezi kutoa yaliyo moyoni kwa lugha inayomtoa jasho.
4. Kuna wanawake? Kama wewe ni mwanamke, uliza pia kama kuna mkutano wa wanawake, au mama mmoja wa kukupokea getini.
5. Nani atanisubiri mlangoni? Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukishamwahidi mtu mwenye jina, kuahirisha kunakuwa kugumu.

Asipopokea, piga kesho. Hawa ni watu wa kujitolea, wana kazi na watoto. Namba ikiwa imekufa, rudi kwenye orodha uchukue nyingine.

Siku ya kwanza

Fika dakika kumi kabla, ili usiingie watu wote wakigeuka kukutazama. Kama umekunywa siku hiyo, nenda hivyohivyo. Vikundi vingi vitakuomba tu usikilize bila kuzungumza. Kaa karibu na mlango ukitaka.

Utakuta viti vimepangwa kwa duara au mistari, birika la chai, na mtu anayeongoza kwa zamu. Kutasomwa maneno ya kufungulia, kisha mmoja baada ya mwingine atasimulia: alikuwaje, nini kilitokea, sasa yukoje. Hakuna anayemjibu mwenzake wala kumhukumu. Mwingine akisimulia alivyouza mabati ya nyumba yake, hakuna atakayeguna. Mkutano huchukua kama saa moja au moja na nusu. Zamu yako ikifika unaweza kusema, "Leo nitasikiliza," na itapita.

Litakalokushtua zaidi pengine ni neno moja. Mtu nadhifu, huenda ni mwalimu au fundi, atasema kwa sauti ya kawaida, "Naitwa Juma, na mimi ni mlevi." Katika Kiswahili neno hilo ni tusi. Watoto humzomea mtu nalo barabarani, wake hulilia, wenye nyumba hulitolea notisi. Kliniki na redio zimetuletea "mraibu," neno lenye adabu zaidi, na ukipenda litumie. Lakini wengi humo ndani hushika lilelile la zamani, na sababu ni rahisi: ukishajiita mwenyewe kwa jina ambalo watu walikuitia nyuma ya mgongo, hawana tena cha kukutishia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na chumba kile ni kama chumba cha mkunga.

Usitoke haraka mkutano ukiisha. Dakika kumi na tano za chai ndipo urafiki unapoanzia. Omba namba mbili tatu, za wanaume kama wewe ni mwanaume, za wanawake kama ni mwanamke, ili msaada usije ukageuka jambo jingine. Baada ya mikutano kadhaa utamchagua mmoja awe mdhamini wako, mtu aliyekutangulia ambaye utampigia kiu ikibisha hodi, *kabla* hujanyanyua glasi.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza, usikihukumu kikundi kwa siku moja. Nenda angalau mara sita, na kama kuna viwili, jaribu vyote. Baa yako pia hukuichagua siku ya kwanza.

Kama karibu hakuna kitu

Msomaji wa Mpanda au Lodwar ataniuliza, "Na mimi je?" Kwako kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mikutano ya simu na intaneti. Tovuti ya aa-intergroup.org huorodhesha mikutano ya mtandaoni ya usiku na mchana. Huhitaji kuonyesha uso. Zima kamera, andika jina la kwanza tu. Tumia vipokea sauti ili nyumba nzima isisikie. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka kwamba namba yako na picha yako vitaonekana na wote. Badilisha picha kwanza. Tenga bando la saa ile ya kiu, usilimalize asubuhi kwa video.

Ya pili ni kuanzisha. AA haina kibali cha kuomba: walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kutokunywa, hicho tayari ni kikundi. Tafuta mwenzako mmoja, chumba kimoja na saa moja isiyobadilika, kisha mpigie mtu wa mjini awaelekeze namna ya kuendesha.

Mambo ya kujihadhari

Anayekudai ada mlangoni, au kukuuliza unafanya kazi gani kabla ya kukuuliza hali, si kikundi cha aina hii. Kituo kinachofunga watu minyororo au kuwachapa, ondoka. Na zile karatasi kwenye nguzo za umeme zinazouza "dawa ya kumwachisha mume pombe bila yeye kujua" ziogopwe. Ipo dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu augue akinywa, lakini hutolewa kwa ridhaa yake na chini ya daktari. Ukimwekea mtu kwenye mchuzi bila yeye kujua, naye akaenda kunywa, unaweza kumuua.

Wewe ambaye hunywi

Kama unasoma haya kwa ajili ya mume, mama au mwanao, tafuta namba na uziweke mahali atakapoziona, kisha jitafutie kikundi chako. Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, ni cha ndugu na jamaa wa walevi. Mmoja wa waanzilishi wake ni Lois, mke wa Bill Wilson. Huko utajifunza lini kumfungulia mlango saa nane usiku na lini kulala. Kumburuta mtu kwenye mkutano huwa hakufui dafu. Kumsindikiza siku aliyoomba mwenyewe kunasaidia sana, na mkutano wa wazi unakuruhusu kukaa pembeni yake.

Ukianguka

Wengi huanguka, baadhi zaidi ya mara moja. Kiti chako hakiondolewi. Kinachotakiwa ni urudi kwenye mkutano unaofuata, useme hivyo kwa sentensi moja, ukae. Watu watakupa chai. Anayeumia ni yule anayesubiri kwanza apate wiki mbili safi ndipo arudi kwa heshima, maana wiki hizo mbili ndizo anazowahitaji wenzake.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Juu kabisa umeandika saa. Kama unasoma haya mchana, saa hiyo bado haijafika. Andika namba moja chini yake, na uipige sasa, kabla miguu haijaanza kwenda yenyewe.